Ada Iliyorudi na Khanga

Jumapili, 2 Machi 1975

Daftari hili lilibaki tupu nusu nilipomaliza masomo ya posta, na siwezi kuona karatasi nyeupe imelala bure wakati madukani hata daftari la darasa la kwanza halipatikani. Nitaandika humu mpaka masika yaishe au kurasa ziishe, kitakachotangulia.

Mvua bado. Hapa Shume asubuhi ni ukungu uliochanganyika na moshi wa majiko, mchana jua la kubabua pua, jioni baridi ya kuvaa koti. Mama anasema masika ya mwaka huu yatakuja na hasira kwa kuwa yamechelewa. Kila mwaka husema hivyo, na kila mwaka akisema huinua macho kwenye paa letu la madebe yaliyopasuliwa, ambalo marehemu baba alilipigilia kabla ya Uhuru. Kutu imelila paa lile mpaka usiku unaziona nyota. Mwaka juzi fedha ya mabati nilikuwa nayo mkononi. Nikaipeleka kwenye ada ya masomo ya uwekaji hesabu. Mama hakusema neno. Aliweka sufuria kwenye kona ya kitanda chake, yakaisha.

Ijumaa kiwanda kinanirudishia ada ile. Ndiyo ahadi ya kiwanda chetu cha mbao kwa mfanyakazi yeyote: lipa mwenyewe, soma, ukifaulu utarudishiwa. Nimefaulu. Mimi ni wa kwanza kuidai ahadi hiyo, na nina shaka kwamba waliitoa wakiamini hatatokea wa kuidai. Mabati yakifika Lushoto tu, mimi wa kwanza dukani.

Ijumaa, 7 Machi

Nilidhani nitaitwa dirishani, nisaini, niende zangu. Karani wa mishahara ni mimi mwenyewe, kwa hiyo ningekuwa karibu ninajilipa. Kumbe Meneja ana yake.

Saa nane misumeno ikazimwa. Tukakusanywa wote kwenye uwanja wa magogo: wapasuaji, wapakiaji, walinzi, na Dorkasi mpishi wetu na birika lake kubwa la chai. Kiti cha mbele alikalishwa kijana mwembamba wa miwani, mgeni kutoka Tanga, aliyekuja ofisini na mkoba wake siku hiyohiyo. Hakuna aliyemuuliza amefuata nini. Meneja aliona si adabu mgeni akae peke yake ofisini wakati nje kuna sherehe.

Meneja wetu ni Ndugu Abrahamu Shekiondo, mtu wa huku huku milimani, na lazima niandike kwa nini alifanya alivyofanya, maana mtu wa pwani hataelewa. Kwetu kapu la watu halirudi tupu. Ukiazima ungo wa jirani unaurudisha na viazi ndani, hata viwili. Ukiurudisha mtupu umemwambia kwamba ujirani umekwisha, na asubuhi utamkuta amekununia. Sasa Ndugu Abrahamu alikuwa na kitu changu cha kurudisha. Akaona aibu kukirudisha kitupu. Juu ya bahasha ya ada akaongeza doti ya khanga, na juu ya khanga akaongeza maneno.

Maneno yalikuwa mengi. Alisifu bidii yangu, akasifu wanawake wa Taifa jipya, akasifu hata marehemu baba ambaye walikuwa hawasalimiani. Mwisho akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye tanuri la kukaushia mbao: “Hii ni zawadi ya kiwanda kwa Mwanasha, kwa kazi yake njema.” Akamwomba mgeni anikabidhi. Mgeni akasimama, akanipa bahasha kwa mikono miwili, watu wakapiga makofi.

Nilivimba kichwa, sina haja ya kuficha. Khanga imeandikwa TENDA WEMA NENDA ZAKO. Nimempa mama pande moja.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza saa ya kutoka kazini. Sufuria kwenye kona ya kitanda, bakuli jikoni. Lushoto mabati bado hayajafika.

Jumatano, 12 Machi

Yule mgeni jina lake ni Nathanieli, Mbondei wa Muheza, na kazi yake ni afisa wa kodi ya mapato. Alikuja kukagua kama tunakata kodi za wafanyakazi sawasawa. Shughuli hiyo ni yangu, na ninaifanya vizuri, nikamfungulia kabati bila wasiwasi. Alipekua asubuhi nzima. Chai akaikataa kwa upole. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa shati.

“Dada Mwanasha,” akasema, “bahasha niliyokukabidhi kwa mikono yangu Ijumaa, mbona siioni kwenye mapato yako?”

Nikamwambia ile si mapato, ni ada yangu niliyolipa mwenyewe, imerudi.

“Mimi nilisikia zawadi kwa kazi njema. Nilikuwa kiti cha mbele.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba kwa jinsi anavyoisoma sheria, chochote mtu anachokipata kwa ajili ya ajira yake ni pato lake, kiitwe mshahara, posho au zawadi. Khanga peke yake asingeifungulia mdomo. Lakini ada ya masomo ya mwaka mzima ikitolewa mbele ya watu kama tuzo ya kazi njema, hawezi kujifanya kiziwi. Nikamuuliza, na kama Meneja asingehutubia? Akafikiri, akasema hata hapo angekuwa na swali, ila hotuba imelifanya swali kuwa jibu. Kodi yenyewe itakatwa kwenye mishahara yangu inayokuja. Hata hivyo hataandika kitu leo. Amenipa mpaka mwisho wa Aprili nimwoneshe kwamba ada ile haikuwa pato langu.

Nimekasirika, lakini swali limeniingia kama mwiba. Fedha ilitoka kwangu, ikazunguka, ikarudi kwangu. Iligeuka pato wapi? Njiani? Halafu nikawaza buti. Kiwanda kinawapa wapasuaji buti na hakuna anayezitoza. Nikatoka mbio mpaka langoni nikamuwahi, nikamuuliza kuhusu buti. Alisimama kwenye manyunyu akajibu kama vile nimemuuliza njia ya kwenda Lushoto: buti ni za kazi, mtu akiacha kazi anaziacha getini.

Basi nimekaa na hilo. Mimi siku nikiondoka nitaacha nini getini? Nitaling'oa somo la mizania ya hesabu kichwani nimkabidhi mlinzi?

Alhamisi, 13 Machi

Sijamwambia mama.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia mama, kwa sababu alianza kuhesabu mabati kwa vidole akiwa ameangalia dari. Nikamweleza kwamba huenda nusu ya hayo mabati ikaenda Serikalini. Alisikiliza akichambua maharage. Akauliza kwa Kishambaa kama siku hizi wanatoza na vilivyomo kichwani. Nikasema wanataka kujua vimeingiaje. Akasema huyo kijana wa Muheza ana maswali kama mkwe, kwao hawana kazi za kufanya. Nilimkatiza nikaenda kumwaga sufuria.

Alhamisi, 20 Machi

Ndugu Abrahamu amenuna. Afisa wa kodi alimpigia simu kuuliza kuhusu sherehe, na Meneja ameamua kwamba mimi ndiye niliyekwenda kulalamikia zawadi yake. Aliniita, akaniacha nimesimama. Nikamwomba tu aseme kwamba ile ilikuwa ada iliyorudi, si zawadi. Akasema mtu hawezi kuyala maneno aliyoyatoa hadharani mbele ya vijana wake. Kufanya hivyo ni sawa na kukunyang'anya khanga mwilini.

Nilitoka nikamsimulia Dorkasi. Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema asante ya punda ni mateke, na nilipouliza punda ni nani kati yetu, akasema hilo hajalipata bado.

Zamani nilimwona Ndugu Abrahamu kama baba. Sasa ninajiuliza alikuwa anamsifu nani siku ile.

Jumanne, 25 Machi

Maulidi. Mvua kutwa. Pilau ya mchele kidogo uliochanganywa na unga wa njano wa msaada, Mungu atusamehe.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Tumeongeza chombo: sufuria, bakuli, na sasa beseni la kunawia. Mama amesogeza kitanda mara ya pili, na hakuna tena pa kukisogeza. Anakohoa.

Jumatano, 9 Aprili

Kilima kimeteremka barabarani kati yetu na Lukozi. Hakuna aliyefunikwa, tushukuru. Udongo, mawe na msonobari mzima umelala katikati ya njia. Malori ya mbao hayatoki, unga hauingii. Afisa wa kodi alikuwa amerudi jana kwa shughuli nyingine za kiwanda, sasa amekwama. Analala nyumba ya wageni ya kiwanda, ambayo nayo inavuja, na hilo limenipa furaha kidogo.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku tatu za msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Alfajiri ya Alhamisi pembe ililia, na pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu na jembe. Hakuna kujitetea kwamba wewe ni karani. Nilikwenda na jembe la baba. Ndugu Abrahamu alikuwepo, suruali ameikunja magotini, anaelekeza wenye shoka, na nakiri anajua kuelekeza. Nathanieli alikuja bila kuitwa. Hakuna aliyemtegemea mgeni, lakini alichukua koleo, na jioni miwani yake ilikuwa tope tupu na viganja vimetoka malengelenge. Bado alikuwa anauliza maswali. Nani anapiga pembe? Asiyekuja anafanywaje? Dorkasi alimjibu kwamba asiyekuja hafanywi kitu, atakaa tu mpaka siku ya msiba wake aone wangapi wamekuja kuchimba.

Dorkasi ndiye aliyetupikia makande kwenye pipa. Leo, kazi ilipokaribia kwisha, nilikata jani la mgomba nikaomba anifungie kidogo nimpelekee mama anayekohoa. Akaushikilia mwiko juu.

“Kula hapa mpaka upasuke, hakuna atakayekuangalia,” akasema. “Ukifunga ukaondoka nayo, utanidai nini tena? Hiyo umelipwa.”

Nathanieli alikuwa jirani yetu na bakuli lake. Aliacha kutafuna. Akamwomba Dorkasi arudie. Dorkasi akamweleza kama anavyomweleza mtoto: chakula cha msaragambo unachokila palepale ni cha jembe, kinakupa nguvu za kuchimba, kwa hiyo ni cha kazi yenyewe. Ulichokifunga kwenda nacho nyumbani ni chako, na ukipewa chako juu ya kazi basi huo ni ujira, na ujira una deni lake: siku nyingine mwenye kazi atakuita na utakwenda. Akaniuliza kama bado nataka. Nikasema nataka. Akanifungia fungu kubwa.

Tulirudi njia moja, mimi na afisa wa kodi. Karibu na njia panda nikamwambia sheria yake na ya Dorkasi zimenyonya ziwa moja. Akasema alikuwa anawaza hilohilo, na kwamba ametumia miaka chuoni kuelewa jambo ambalo amelisikia leo kwenye pipa. Kisha akauliza, na safari hii hakuuliza kama afisa: ada yako uliila palepale kazini, au ulifunga ukaenda nayo nyumbani?

Mama alikula makande yote, akasema yamepungua chumvi.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo tumekaa watatu ofisini kwa Meneja. Barabara imefunguka na Nathanieli anaondoka kesho, ndiyo maana Ndugu Abrahamu alituita. Kinyongo hana tena. Nadhani siku tatu za udongo zimemsafisha, au ameona anavyotazamwa na vijana kwenye kantini. Alituagizia chai yenye sukari, na sukari siku hizi ni kitu cha kufungiwa sandukuni.

Akasema amepata dawa. Hakuna haja ya yeye kufuta zawadi wala mimi kurudisha khanga. Kiwanda kitaandika kwamba ndicho kilichonituma kusoma kwa mahitaji ya kazi zake. Kwa hiyo masomo yalikuwa ya kiwanda tangu mwanzo, kama buti, kama makande ya pipani. Alikuwa amesikia habari za makande. Elimu ya mmoja ni mali ya wote, akasema, ndiyo siasa yetu.

Nikamtazama Nathanieli. Akasema ikiwa kiwanda ndicho kilichotuma, na ikiwa ndivyo ilivyokuwa, kwa anavyoisoma yeye hakuna kodi. Wakubwa wake Tanga wanaweza kuisoma vingine, lakini yeye ataitetea.

Moyo wangu ulishaanza kuhesabu mabati. Hapo Ndugu Abrahamu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekumbuka kitu kidogo, kwamba aliyetumwa hana budi kurudi na alichotumwa. Kwa hiyo nami nitatia saini kwamba nitafanya kazi hapa miaka mitano, bila kuomba kazi penginepo. Alisema hivyo kwa upendo, na sidhani aliona kuna ubaya. Mtu aende wapi kutoka Shume?

Nathanieli alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwishayeyuka.

“Dada, ulitumwa na nani?” akaniuliza.

Nikaomba nipewe mpaka siku ya mshahara.

Jumanne, 15 Aprili

Niandike nani alinituma, nisije nikasahau. Nilinunua dagaa gulioni Lukozi. Walifungwa kwenye gazeti. Nilipowamwaga kwenye ungo nikaona tangazo la masomo ya posta limelowa mafuta ya dagaa. Nililikausha juu ya jiko. Nilipomwambia Ndugu Abrahamu aliniuliza, kwa mzaha, kama mizania inapikwa na nazi au bila nazi. Halafu akasema ahadi ya kiwanda ipo, jaribu bahati yako. Hakunizuia, na nampa haki yake. Lakini kutuma na kutokuzuia si jambo moja.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua. Beseni limejaa mara mbili. Ninajaribu kuuangalia upande wa pili kwa haki. Miaka mitano ni nini? Nina kazi, nina mama, nampenda Dorkasi, hata harufu ya mbao mbichi naipenda. Sina mpango wa kwenda kokote. Kwa nini nisitie saini juu ya jambo ambalo huenda ningelifanya tu?

Dorkasi anasema nisaini, mabati ni mabati. Anasema mimi nina ugonjwa wa kuchokonoa mambo, na kwamba mchokonozi wa nyuki hulala nje.

Alhamisi, 24 Aprili

Mabati yamefika Lushoto. Wameniwekea ya kutosha nyumba nzima mpaka Jumamosi ya wiki ijayo.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemweleza mama yote, tangu mwanzo mpaka miaka mitano. Nilimweleza nikiwa nimeamua kusaini. Niliona nikisema kwa mdomo nitajisikia vizuri. Kifua chake kimezidi, na nimechoka kulala nikisikiliza matone.

Aliuliza jambo moja. Je, kiwanda kinasema ndicho kilichokuwa kikisoma hapa ndani na kibatari?

Nikasema si hivyo, mama, ni maandishi tu, ni namna ya kuandika ili kodi isikatwe.

Akajifunika ile khanga vizuri. Kisha akasema, kwa Kiswahili, ambacho nyumbani hakitumii ila akitaka neno lake lisisahaulike:

“Wewe ulikuwa unasoma, mimi nilikuwa nalowa. Mabati yalikuwa yangu. Nilikaa kimya kwa sababu ni mwanangu anayesoma. Sasa ukiandika kwamba wao ndio waliokutuma, basi mimi nililowa kwa ajili ya Abrahamu.”

Nililia, na sioni aibu kuandika. Miaka miwili nilidhani kimya chake kilikuwa subira ya mtu asiyejua ninachokifanya. Kumbe alikuwa analipa ada pamoja nami, kila usiku wa mvua, na alikuwa anajua.

Jumatano, 30 Aprili

Siku ya mshahara. Nathanieli alipanda na basi la asubuhi, amelowa kuanzia kofia. Nikamwambia mbele ya Meneja kwamba ada ile nilifunga kwenye jani nikaenda nayo nyumbani. Ni yangu, haikuwa ya kiwanda, na aiandike kuwa pato. Ukweli ni kwamba hakuna aliyenituma. Nathanieli aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa kazi yake: kwamba angefurahi zaidi kama ningekuwa nimekosea. Kodi itakatwa kwa miezi mitatu, isiniumize kwa mkupuo. Nikaketi mezani kwangu nikaikata mwenyewe sehemu ya kwanza, maana karani wa mishahara ni mimi.

Ndugu Abrahamu alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwetu.

“Kwa hiyo unatuacha,” akasema.

“Sijui, Ndugu Meneja.”

“Kama huondoki, kwa nini uchome fedha yako bure?”

“Kwa sababu mwaka kesho ukinikuta hapa, nataka iwe nimekaa. Isiwe nimefungwa.”

Hakugeuka. Nilisikia msumeno mkubwa ukianza kazi kule chini, ukapiga kelele zake, nikarudi kugawa mishahara ya wenzangu.

Jumamosi, 3 Mei

Nimenunua mabati nusu ya niliyowekewa; fedha iliyobaki itaziba mishahara inayokatwa kodi. Yanatosha upande wa kitanda cha mama. Mwenye duka aliniuliza sehemu iliyobaki ya nyumba itavaa nini, nikamwambia itavaa khanga. Misumari ya mabati hakuna Lushoto nzima, wala Lukozi, wala Mlalo. Mabati tumeyalaza uani, mvua inayapigia ngoma.

Jumanne, 13 Mei

Ndugu Abrahamu anapita mezani kwangu bila neno. Leo amesimama. Akauliza kama kitabu changu cha mizania bado ninacho, ana jambo anataka kuliangalia, mwenyewe. Nikampa. Alikiweka kwapani kama mtu anayebeba kuku wa wizi.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua zinapungua, ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Nathanieli alipita nyumbani akiwa njiani kurudi Tanga, kumjulia hali mama, hivyo ndivyo alivyosema. Alimwamkia vizuri, shikamoo yake ilikuwa ya mtu aliyelelewa. Bila kuambiwa alilisogeza beseni lilipokuwa likikosa tone. Alipoondoka mama akasema kwa mtu wa kodi ana adabu, na kwamba lile neno lake mwenyewe, la maswali kama mkwe, hajalifuta. Nikamwambia apumzike, ana homa. Hana homa tena.

Jumapili, 8 Juni

Anga imefunguka. Asubuhi Ndugu Abrahamu alikuja nyumbani akiwa na mavazi yake ya kanisani, koti na tai. Hajawahi kukanyaga kwetu tangu baba akiwa hai. Alikuja kurudisha kitabu. Alikaa akanywa uji, akaniuliza maswali mawili kuhusu upande wa madeni, akayasikiliza majibu, na hakutia mzaha wowote wa nazi. Aliaga akiwa amesimama mlangoni, akakiweka kitabu mikononi mwangu kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokitoa. Juu yake kulikuwa na fungu la gazeti lililokazwa kwa kamba ya katani.

Nikalifungua. Misumari ya mabati, yenye vichwa vipana, mipya, inang'aa mafuta. Sijui aliipata wapi.

Hakutoa hotuba. Aliangalia paa, akaangalia mabati uani, akauliza kama hiyo nayo Nathanieli ataitoza. Nikasema nitamuuliza. Akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Machi. Kisha akavua koti na tai akaomba nyundo.

Upande wa mama umekwisha kabla ya adhuhuri. Upande wa jikoni bado ni madebe ya baba, na bakuli nimeliacha palepale. Karatasi zimeisha.